Ubavu wa Kulia

Daktari Mgaya aliuliza swali lile lile aliloliuliza kila walipofika hospitalini, na Mzee Tadeo Mlowe akajibu vile vile alivyozoea kujibu. Aliulizwa kama yuko tayari kuanza dawa, au anataka kuendelea kulindwa. Akasema kulindwa.

"Anayemeza dawa kila siku ni mgonjwa," alisema huku akifunga vifungo vya shati. "Anayelindwa bado mzima. Mimi ni mzima, Daktari."

Binti yake Leokadia alikaa pembeni, mikono mapajani, akitazama ukuta. Alikuwa mkunga wa zahanati ya Lihangwe, kijiji cha ng'ambo ya korongo, na katika kazi ile alishawasikia wengi wakijiita wazima.

Daktari hakubishana. Alieleza upya kama vile hajawahi kueleza, maana sheria ilimtaka afanye hivyo. Virusi vya homa ya ini vilimwingia Mzee Tadeo zamani, pengine siku aliyozaliwa, vikalala mwilini mwake hadi uzee. Sasa vilikuwa vimeamka nusu. Damu ilionyesha vimezidi, lakini ini lenyewe lilikuwa halijapata makovu. Mtu wa namna hiyo amesimama katikati ya mto. Anaweza kurudi alikotoka, anaweza kusombwa. Dawa ilikuwepo, kidonge cha kila asubuhi, nayo ilivilaza virusi vikalala kabisa. Ila ukishaianza huiachi. Siku ukiiacha, virusi huamka vyote kwa mpigo, na ini huwaka kama nyasi za kiangazi. Kwa sababu hiyo watu wa milimani waliibatiza dawa ile jina la pingu. Tena kulikuwa na jambo la pili: kwa baadhi ya watu, na hakuna aliyeweza kujua mapema ni akina nani, pingu ililainisha mifupa polepole hadi ikawa kama chaki.

Hilo la mifupa ndilo lililomkaa mzee rohoni. Alikuwa fundi wa njia ya waya. Tangu mvua za miaka ile zilipozifagia barabara zote, watu wa milima ya Njombe walisafiri hewani, ndani ya vibanda vilivyoning'inia kwenye waya mnene kutoka kilima hadi kilima. Waya ule ulishikwa na minara, na minara ilitaka mtu wa kuipanda. Kanuni ya kazi ilikuwa fupi: aliye kwenye pingu hapandi.

"Mkinipa hiyo dawa mtakuwa mmenishusha," mzee alisema. "Na mtu wa umri wangu akishashuka, hapandi tena."

Daktari akamgeukia Leokadia. "Na wewe dada, ubavu unasemaje?"

"Umetulia."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipovuna viazi vya masika."

Daktari akatabasamu, akasema basi huenda virusi vimerudi kulala. Mzee akampiga binti yake begani kwa furaha. Leokadia akaitikia kwa kichwa, kwani alichosema kilikuwa kweli tupu.

Zamani ulinzi ulikuwa wa mashine. Kidude kidogo kiliwekwa kwenye ini la mgonjwa, kikatuma namba kwenye simu yake na ya daktari wake. Watu wakazizoea zile namba kama mtu anavyozoea jogoo wa jirani, wakafa simu zao zimejaa maonyo. Tatizo lilikuwa ini lenyewe. Jino linauma, tumbo linauma, lakini ini linaungua kimya mpaka siku limekwisha. Wataalamu wakajaribu kumpa mgonjwa mwenyewe maumivu, ili ashtuke. Wagonjwa wakauma meno, wakayazoea nayo. Ndipo wakagundua kwamba mtu huzoea maumivu yake, ila ya mzazi wake hayazoei. Wakatengeneza mbegu mbili zinazosikilizana, ndogo kuliko punje ya ulezi. Moja ilipandwa kwenye ini la mgonjwa. Nyingine ilipandwa chini ya mbavu za kulia za mtu wa damu yake, ikashonwa kwenye mshipa wa fahamu. Ini la mzazi likianza kuwaka, mtoto ndiye aliyeungua. Ini halikuwa na pa kulilia, wakalitafutia ubavu wa kulia.

Leokadia alikuwa mtoto pekee, na mbegu ilipandwa kwake baada ya kumzika mama yake. Mwanzoni ubavu ulikuwa mkali. Angekuwa anakoroga ugali, mara moto ukashika upande mzima, akaacha mwiko na kumpigia baba yake simu ashuke mnarani. Mzee angevuka korongo, angetundikiwa maji ya kupoza ini, na siku ya pili yake moto wa Leokadia ungefifia hadi ukazimika. Walifanya hivyo mara nyingi. Wakati ule alijivunia. Alijua jambo la mwilini mwa baba yake kabla baba mwenyewe hajalijua.

Kisha ubavu ukatulia, na mkono wa kulia ukatulia nao.

Hili la pili hakumwambia daktari. Lilianza na kidole cha mwisho, likasogea kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, hadi kiganja kizima kikawa kama cha mtu mwingine. Alijiambia ni baridi ya Juni. Juni ikapita. Alipomenya viazi aligundua amejikata kwa kuiona damu kwenye maganda. Alijua kilichosemwa siku ile ya kupandwa mbegu: kwamba kwa walinzi wengine mshipa huchoka, ukafa. Alijua pia kanuni iliyofuata. Gharama ya mlinzi ni siri ya mlinzi. Mgonjwa haambiwi na daktari wala nesi, ili achague dawa au ulinzi kwa kuutazama mwili wake mwenyewe, asichague kwa huruma. Mlinzi peke yake ndiye anayeruhusiwa kufungua kinywa.

Leokadia hakukifungua. Wala haikuwa kwamba alipigana na nafsi yake. Zamani angepigana. Siku hizi mambo yalimjia kama sauti za watu waliomo chumba cha pili; alizisikia, lakini hazikumhusu.

*

Enesia alifika zahanatini asubuhi ya ukungu, chupa ya uzazi imeshapasuka, mama mkwe wake amembebea mablanketi. Ilikuwa mimba yake ya tatu. Leokadia ndiye aliyempima tangu mwanzo, na wiki iliyopita alimwambia kila kitu kiko sawa, mtoto amegeuka, kichwa kiko chini. Kipimo cha picha kilikuwa kimepelekwa mjini kutengenezwa. Alipima kwa mikono, kama alivyofundishwa, na mkono wake wa mazoea ulikuwa wa kulia.

Enesia akajilaza, akausubiri uchungu upite, kisha akasema kwa upole, kama mtu anayeogopa kumkosoa mkubwa wake, "Dada, mbona miguu yake inanipiga huku kiunoni? Wale wawili walinipiga juu."

Leokadia akaweka mkono wa kulia juu ya tumbo. Hakupata kitu. Ilikuwa kama kuweka ubao. Akauondoa, akaweka wa kushoto, na papo hapo akakikuta kichwa ubavuni, kigumu na cha mviringo. Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama, na bila shaka alikuwa hivyo hata wiki iliyopita. Wiki iliyopita Leokadia hakupima. Alikisia, na mdomo ukasema kwa uzoefu.

Mtoto wa kukingama hatoki kwa njia yake. Alihitaji kupasuliwa, na chumba cha upasuaji kilikuwa ng'ambo.

Alimweleza mama mkwe bila kupepesa macho, akapiga simu kituo cha waya, akamfunga Enesia blanketi, na vijana wa kituoni wakambeba kwa machela hadi kibandani. Njia nzima Leokadia alijisikiliza kama atatetemeka. Hakutetemeka. Wenye machela wakasifu utulivu wake.

Walikuwa katikati ya korongo kibanda kiliposimama. Waya juu yao ukalia mlio mrefu, kisha kukawa kimya, ukungu pande zote. Enesia alimshika mkono. Leokadia akaona vile vidole vimeung'ang'ania mkono wake wa kulia hadi kucha zimezama, akavitazama.

Baada ya muda sauti ya Ngole, msimamizi wa zamu, ikatoka kwenye kipaza sauti cha kibanda. Alisema waya umeruka kwenye gurudumu la mnara wa kati, na kwamba Mzee Tadeo ameshaanza kupanda. Aliongeza kwamba vijana wake wawili walijaribu kwanza, upepo ukawashusha.

Ukungu ulipopasuka kidogo, Leokadia alimwona. Baba yake alikuwa juu kabisa, amejifunga mkanda kwenye chuma, mwili mdogo mweusi umeinamia gurudumu. Alikuwa akifanya kazi taratibu, kama mtu anayepalilia bustani. Alitumbukiza mtaimbo, akauegemea, akaacha, akatafuta pembe nyingine, akauegemea tena. Hakuna aliyemwambia ni nani aliyemo kibandani, hakuuliza. Ukungu ukamfunika. Baada ya kitambo waya ukaguta, kibanda kikatikisika, wakaanza kusogea.

Mtoto wa Enesia alitolewa akiwa amechoka, rangi imemtoka, na kwa muda hakulia. Kisha akalia. Alikuwa wa kike. Nesi wa chumba cha upasuaji alikuja kumpa Leokadia habari mlangoni, akacheka, akampa mkono. Leokadia naye akacheka, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Enesia alipozinduka aliomba aitiwe dada wa Lihangwe. Akamshukuru. Alisema bila yeye wangekuwa wanasema mengine sasa hivi. Leokadia alitaka kumwambia ukweli wa wiki iliyopita, na akamwambia, kwa sentensi mbili. Enesia alimtazama muda mrefu, kisha akageuza uso kwa mtoto wake.

*

Mzee Tadeo alivuka kwa kibanda cha saa sita kuja kuona. Leokadia alimkuta kwenye benchi la nje ya wodi, jua limetoka sasa, ameshika kofia, amechoka lakini ameridhika. Alikuwa anamsimulia mgonjwa mwingine habari za gurudumu. Aligeuka kumsalimia binti yake, na jua likamwingia machoni.

Weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano.

Leokadia akasimama. Akausubiri ubavu. Haukusema kitu, wala haukuwa umesema kitu tangu viazi vya masika. Alimwambia baba yake amngoje kidogo, akaenda kwenye jiko la wauguzi, akamimina maji yaliyokuwa yanachemka kwenye kikombe cha bati, akafunua blauzi, akakibandika kikombe kwenye mbavu za kulia. Aliiona ngozi ikigeuka nyekundu. Alinusa ngozi ikiungua, lakini joto lenyewe hakulisikia. Akakiondoa, akashusha blauzi, akaenda kumgongea Daktari Mgaya.

Alimweleza yote, mkono, ubavu, tumbo la Enesia. Daktari hakumlaumu, na Leokadia alitambua kwamba kutolaumiwa hakukumpa nafuu yoyote. Damu ya mzee ikachukuliwa, naye akalazwa kitandani na kutundikiwa maji. Majibu yalirudi mchana. Ini lilikuwa linawaka, na kwa dalili zote lilikuwa limewaka kwa miezi. Makovu yalikuwa yameanza, bado machanga, yale yanayoweza kurudi nyuma moto ukizimwa.

"Ningekuwa mimi ndiye ninayechagua, ningempa dawa leo," Daktari Mgaya alisema. "Lakini si mimi. Na kwa kanuni bado ana njia mbili."

Akamweleza njia ya pili. Ubavu wa kushoto wa Leokadia ulikuwa hai. Mbegu ingeweza kuhamishiwa huko siku ile ile, kazi ya muda mfupi. Mzee angepozwa ini, angerudi nyumbani, angepanda minara yake. Miaka kadhaa ingepita salama kabla mshipa wa kushoto nao haujachoka. Kwa mtu ambaye wa kulia umeshakufa, daktari akasema hawezi kumdanganya, ungechoka tu. Na mzee hangelazimika kujua lolote. Angeambiwa mbegu ya zamani iliharibika, jambo ambalo kwa namna fulani lilikuwa kweli.

"Unaniuliza mimi?" Leokadia akasema.

"Nakuuliza wewe kuhusu ubavu wako. Yeye nitamuuliza kuhusu ini lake. Sheria imeyatenga maswali hayo mawili makusudi."

"Na usipomwambia ninachotoa, atachagua kitu gani hasa?"

Daktari akafikiri. "Atachagua anachokijua," akajibu.

Leokadia aliomba aachwe peke yake. Alikaa pale ofisini akautazama mkono wa kushoto. Huo ndio uliokikuta kichwa cha mtoto asubuhi. Lihangwe kulikuwa na wanawake wengine wenye mimba. Aliwajua kwa majina, mmoja alikuwa anatarajia mapacha. Ukifa na huu, ataacha ukunga. Ukiachwa huu, baba yake ataacha minara, na siku nyingine waya utaruka tena, watapanda vijana wa Ngole, upepo utawashusha. Aliyapanga mambo hayo mbele yake kama mtu anayepanga vyombo. Alijua kwamba mahali fulani katika mpango ule ilipaswa kuwepo huzuni, akaitafuta kwa uaminifu kabisa. Hakuipata. Hapo ndipo alipoogopa kidogo, na ule woga mdogo ulikuwa kitu cha kwanza kumgusa kwa muda mrefu. Aliogopa kwamba daktari amekosea kuhesabu. Kwamba kilichokufa hakikuishia kwenye mshipa.

Akainuka, akaenda wodini.

*

Mzee alikuwa ameketi kitandani, mrija mkononi, anakula ndizi. Alimwambia asitazame macho yake hivyo, yatarudi; yamewahi kuwa hivi siku za nyuma, kabla hajaoa. Kisha akauliza hali ya mama aliyepasuliwa. Leokadia akavuta kiti.

Alimwambia kuanzia mwanzo. Hakulia wala hakupandisha sauti, na ndiyo maana mwanzoni mzee hakuelewa anaambiwa jambo gani. Alipoelewa aliiweka ndizi mezani.

"Lete huo mkono," akasema.

Akampa. Mzee akaugeuza, akayatazama makovu ya visu na ya moto ambayo hakuwahi kuyaona ingawa alikula chakula kilichopikwa nao kila siku. Kisha akamwambia atazame dirishani. Leokadia akatazama dirishani. Misonobari ilikuwa inapepesuka kilimani.

"Nimekufinya?" baba yake aliuliza.

"Sijui, Baba."

"Sasa je?"

"Sijui."

Alipogeuka aliona kucha za baba yake zimeacha alama nne zenye damu kwenye kiganja chake, na baba yake ameufumba mkono ule ndani ya mikono yake miwili kama mtu anayeficha kitu alichokivunja.

"Umenifanya mwizi," alisema baadaye. "Ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimekuwa nakula mwili wako na nakusifia mapishi."

"Sikutaka ushuke."

"Najua hukutaka. Na mimi nilijua kwamba hutaki, ndiyo maana sikuuliza." Alivuta pumzi. "Nikwambie jambo la aibu, mama? Ungenyamaza ningependa zaidi. Ungempa huyo daktari ubavu wa pili, ukaniambia mbegu imeharibika, ningeamini. Ningepanda kesho kutwa, nikashukuru Mungu. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyo."

Leokadia akasema anajua. Alisema ndiyo maana amekuja kusema mwenyewe, kabla hajapata nafasi ya kunyamaza.

Mzee alijaribu mlango mwingine. Alisema basi mbegu ile itolewe, na dawa nayo asipewe. Aachwe alivyo, apande hadi siku ini litakapomwangusha. Watu walikufa hivyo zamani na hawakumsumbua mtu. Alilisema kwa sauti ya fundi, kama anayetaja tu kifaa kilichobaki kwenye sanduku.

"Hata hilo nitalibeba mimi," Leokadia alimjibu. "Utaanguka, na mimi ndiye nitakayeitwa. Ukichagua hivyo sitakuzuia, Baba. Ila usiseme hutamsumbua mtu."

Daktari Mgaya alipita jioni. Aliuliza swali lake lile lile, kwa maneno yale yale ya sheria. Mzee Tadeo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama pingu inamezwa kabla ya chai au baada ya chai.

*

Mbegu ya Leokadia ilitolewa kabla hawajarudi Lihangwe. Aliambiwa mshipa huweza kuamka, na huweza usiamke. Walinzi waliotangulia walikuwa wachache mno kumpa mtu ahadi. Alipofika nyumbani aliandika kuomba apelekewe mkunga wa pili zahanatini, akaeleza sababu. Hadi mkunga huyo afike alipima kila tumbo kwa mkono wa kushoto, na akamweleza kila mama kwa nini. Wengine waliendelea kuja kwake. Wengine walivuka korongo.

Ngole alikuja Jumamosi asubuhi. Alipiga hodi ya unyenyekevu, akaingia, akasalimia kamwene, akaitikiwa, akapewa kiti. Walizungumza habari za mvua na za mtoto wa Enesia aliyeanza kunenepa. Ilikuwa dhahiri hawezi kusema kilichomleta, kwa hiyo mzee akamsaidia. Akaingia chumbani, akatoka na mkanda wa kupandia, viatu vya misumari na mtaimbo mfupi uliong'aa kwa kutumika. Vyote vilikuwa vimepakwa mafuta.

Akamweleza Ngole mambo ya mnara wa kati. Gurudumu lake lina kidonda upande wa mashariki. Mtu akiegemea kwa nguvu waya unazidi kutoka, inabidi alibembeleze kutokea chini. Alimwambia ampeleke yule kijana mfupi, asimpeleke yule mrefu, kwa sababu mrefu anapigana na upepo. Alisema kama akihitaji ataenda kusimama chini awe anaelekeza kwa sauti. Ngole akasema watamwita. Wote wawili walijua kwamba sauti haifiki juu kule.

Ngole alipoondoka, mzee alibaki mlangoni akimtazama anavyoshuka na vile vitu begani. Leokadia alileta kidonge kwenye kisahani na maji ya uvuguvugu. Kanuni ya pingu ilitaka mtu wa nyumbani ashuhudie kila kidonge kinamezwa, kila asubuhi, kwa kuwa siku moja tu ya kusahau ingetosha kuamsha virusi. Kwa hiyo alisimama, akatazama koo la baba yake likipanda na kushuka. Mzee alifumbua mdomo kumwonyesha, kama mtoto.

Kisha akakaa chini kizingitini na akaanza kulia. Alilia bila sauti kubwa, mabega yanatikisika, mikono ameiacha wazi magotini. Leokadia hakuwahi kumwona akilia, hata mazikoni kwa mama yake hakulia. Alitazama kwa muda akiwa amesimama na kisahani. Akajua kwa akili kwamba hiki anachokiona ni kikubwa, kwamba miaka michache iliyopita kingempasua kifua. Akangoja kimpasue. Jua lilikuwa linapanda juu ya misonobari, na huko barazani kwa jirani mtu alikuwa akipepeta maharage.

Akaweka kisahani chini. Akaketi karibu na baba yake, bega kwa bega, akampitishia mkono mgongoni, kwa namna aliyokumbuka kwamba watu hufanya. Hakuhisi kitu. Alimshika hivyo hivyo, na hakumwachia mpaka alipomaliza.